Mkaguzi Aliyeacha Kula

Wapo wanaozaliwa na njaa ya mali, na wapo wanaozaliwa na njaa ya sifa. Ratili alizaliwa na njaa ya kawaida, ile ya tumbo, wala hakuwahi kuionea haya.

Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji midogo, kuingia duka hili na bucha lile, kuweka mawe ya serikali juu ya mizani ya mwenye duka na kuona kama kilo yake ni kilo kweli. Ikiwa sawa, alibandika stika. Ikiwa pungufu, aliifunga kwa waya na lakiri, isiguswe mpaka itengenezwe. Kutengeneza ilikuwa kazi yangu mimi. Tulisafiri pamoja miaka mingi katika gari la ofisi, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma na sanduku la mawe.

Jina hilo alipewa na wafanyabiashara kwa ajili ya mwili wake. Ratili ni kipimo cha zamani cha uzito. Kizazi cha sasa hakikijui, kama kisivyojua pishi wala wakia, ingawa kutwa kinajiandikia ukutani kwamba haba na haba hujaza kibaba. Waulize hicho kibaba ni nini. Mmoja aliniambia ni baba mdogo.

Basi Ratili alikuwa akila kila alipokaribishwa, na enzi zile mtu alikaribishwa kila mahali. Mwenye duka alisema, "Karibu chai," naye akakaribia. Alivuta kigoda, akanywa vikombe viwili, akala mkate na mayai, akashukuru, akanawa. Halafu akainuka, akaweka mawe yake juu ya mizani ya yule yule aliyemlisha, na ikiwa pungufu aliifunga. Hakuna aliyemlaumu. Mkate ulikuwa mkate na kilo ilikuwa kilo, havikujuana. Nilimwona siku moja kwenye bucha akila sahani nzima ya maini, na kabla hajameza tonge la mwisho akaipiga lakiri mizani ya mwenye maini. Mwenye bucha aliangalia, akauliza tu:

"Umeshiba lakini?"

"Nimeshiba, ahsante."

"Basi karibu tena."

Ndivyo watu walivyokuwa. Baadaye maneno yakaoza. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuiita bahasha kwa jina la chai. Ningemjua ningemwendea nyumbani kwake. Neno lililokuwa na maji, majani na ukarimu ndani yake likatumbukizwa noti. Kisha wakalichukua na neno kula. Zamani ukisikia fulani anakula, uliuliza anakula nini. Siku hizi unauliza anakula kiasi gani. Katika ofisi yote ile, Ratili peke yake ndiye aliyebaki akizungumza Kiswahili cha mama yake. Kwa kuwa alikunywa chai ya kikombeni, na aliinywa mbele ya watu, kila mfanyabiashara alijua kwamba ile nyingine hainywi. Waliambiana, "Ukimwona Ratili kashika kikombe, kalale."

Mambo yaliharibika pale ofisi ilipoamua kutupima afya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu, na mlango ulikuwa wazi. Daktari alikuwa mama kijana, mwenye sauti ya upole, ule upole wa watu wasiobadilisha mawazo.

"Baba, ukiwa safarini unakula nini?"

"Ninachokaribishwa."

"Na unakaribishwa mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea na maduka."

Aliandika kitu. Aliendelea kuandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

"Sukari iko juu," alisema. "Presha iko juu. Nenda safari hii moja, kwa sharti. Vya kukaanga acha. Soda, chai ya sukari, mkate mweupe, acha. Nyama nyekundu acha. Kula mboga, kula kidogo, kwa kipimo. Asubuhi tembea kwa miguu. Ukirudi uje hapa moja kwa moja nikutoboe kidole. Sukari isiposhuka, naandika ukae ofisini, karibu na hospitali."

Kukaa ofisini maana yake ilikuwa chumba cha stika. Kilikuwa nyuma ya ghala, hakina dirisha, kina meza iliyotazama ukuta na taa iliyolia kama nyuki. Aliyekaa mle kabla alizoea mpaka akawa anausalimia ule ukuta asubuhi, na kabla ya kustaafu alikuwa anausubiri uitikie.

"Mzee," Ratili aliniambia tulipotoka, "wakinitia mle nitakufa nikiwa na sukari nzuri."

"Basi fuata masharti."

"Nitayafuata. Lakini usimwambie mtu. Mkaguzi akisikika anaumwa, kesho wataanza kugawana viatu vyake."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nilimwambia.

"Na kimuumbue. Ila kisimkute chumba cha stika."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyekata kitambaa bila kupima mara mbili. Asubuhi ya safari alituletea garini sanduku la chakula: mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, maharage, karoti, matango, na karanga alizozifunga mafungu mafungu kwa uzi wa cherehani, kila siku fungu lake. Alinikabidhi mimi.

"Shemeji, hili sanduku likae kwako. Akililia, mwache alie."

Kisha akamgeukia dereva. Dereva wetu tulimwita Breki, kwa sababu mezani hakuwa nazo. Alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, akila cha watu watatu na wala kisionekane kilikokwenda, jambo ambalo Ratili alilichukulia kama tusi.

"Na wewe usimtie majaribuni."

"Mimi, shemeji? Mimi kazi yangu usukani tu."

Tuliondoka. Hata kona ya kwanza hatujakata, Breki alikuwa amefungua chipsi zake juu ya usukani.

Watu wanadhani kufunga safari na kufunga tumbo ni mambo yanayopatana kwa kuwa yote ni kufunga. Wajaribu. Barabara yote imejengwa kwa mafuta ya kukaangia. Gari likisimama tu, dirishani inaingia mikono yenye mabonge ya keki, soda zinazotoa jasho, karanga zilizovikwa sukari kama maiti aliyevikwa sanda. Tulipoingia mgahawani, Ratili alimuuliza mhudumu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia msala:

"Dada, mna kitu chochote cha kuchemsha?"

"Maji."

"Mboga za majani?"

"Zipo. Ziko ndani ya mafuta."

Nyumba ya wageni ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana kifungua kinywa kilikuwa kimo kwenye bei ya chumba. Hakuna kishawishi kikubwa duniani kama chakula kilichokwisha kulipiwa. Asubuhi meza ilijaa mkate wa siagi, soseji, mayai yanayoogelea na keki ya njano. Ratili aliomba maji ya moto. Nikampa mayai yake mawili na tango. Alilitafuna kwa uso wa mtu anayesomewa hukumu.

"Baba, mbona huli?" mhudumu aliuliza. "Umelipia hivi vyote."

"Ninavitazama. Inatosha."

"Usihofu, dada," alisema Breki akivuta sahani ya pili upande wake. "Kwenye msafara huu hakipotei kitu."

Ratili akafumba macho mpaka zile soseji zikaisha. Kisha akavaa viatu vya turubai alivyonunuliwa na mkewe, akasema, "Mzee, twende kwa miguu. Breki atatukuta huko."

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu. Gari la ofisi lilikuwa na kikohozi. Lilisikika likiwa bado mtaa wa tatu, na hadi kufika mlangoni, kila mizani ya mtaa ilikuwa imekwisha kutubu: sumaku imebanduliwa chini ya sahani, sindano imerudishwa kwenye sifuri, vumbi limefutwa. Miaka yote tulikagua mizani zilizotawadha. Asubuhi ile mkaguzi alitokeza kwenye kona kwa miguu, anatoka jasho, hana gari, hana kishindo, na maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa.

Tulianza na bucha. Mwenye bucha alishtuka mpaka kisu kikamponyoka.

"Mkaguzi! Kwa miguu? Gari bovu?"

"Gari zima. Nimeamua tu."

"Umeamua tu." Aliitazama mizani yake, akaitazama kona tuliyotokea. "Basi karibu chai kwanza."

"Ahsante, ndugu yangu. Chai nimeacha."

Hata nzi walitulia.

"Umeacha?"

"Nimeacha kabisa. Siku hizi nakula kidogo tu, tena kwa kipimo."

"Kipimo gani?"

"Nimepangiwa."

"Na nani?"

Hapo Ratili alikumbuka kwamba ugonjwa wake ni siri. "Na mkubwa mmoja," akasema.

Mwenye bucha alisogea karibu, akapunguza sauti. "Na hicho kipimo alichopanga mkubwa, ni kwa duka au ni kwa siku?"

"Kwa siku," alisema Ratili, akifurahi kuona mtu anayejali. "Ila asubuhi nikikosa, mchana nafidia."

"Sasa unakula nini hasa?"

"Mboga tu."

Mizani ile ilikuwa na sumaku kubwa kama kitufe cha koti. Ratili akaifunga. Tulipotoka nje nilimshika mkono.

"Umesikia ulichokisema mle ndani?"

"Nimesema nini? Nimesema nakula kidogo."

"Ndicho hicho."

"Mzee, wewe unasoma sana," aliniambia, na akashika njia kwa miguu kwenda duka la misumari.

Ni kweli nilisoma, ijapokuwa shule yangu ilikuwa magazeti yaliyofungiwa vyakula, na mara nyingi niliikosa habari ya mwisho kwa sababu iliandikwa upande wenye mafuta. Lakini kwa jambo lile haikuhitaji kusoma. Ilihitaji kuwa na simu tu. Mwenye bucha alikuwa nayo.

Mji wa pili walikuwa wanatungoja. Kila duka tuliloingia mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni kama askari wa gwaride, na karibu chai ya mtu ilikuwa inatetemeka. Ratili alikataa moja baada ya nyingine, kwa adabu, mkono kifuani. Kila alipokataa, mwenye duka alizidi kupauka. Wa mchele alimletea kreti ya soda. "Hizo ndiyo sumu kabisa," Ratili alisema. Wa samaki alimletea keki yenye jina lake. Akalisoma jina, akameza mate, akasema hapana. Nilimwona machozi yakimlengalenga. Wa samaki naye akayaona, akadhani ni hasira.

Jioni, jua bado lipo, tulirudi nyumba ya wageni tukakuta mbuzi kafungwa kwenye bampa la gari. Beberu mnene, mwenye dharau. Shingoni kafungiwa kipande cha katoni kilichoandikwa: *Ya mboga tu.*

Breki alikuwa kamkumbatia. "Mkubwa," alisema, "huyu ametumwa na Mungu."

"Nani kamleta?"

"Mungu. Kupitia mtu wa pikipiki."

"Nyama nyekundu nimekatazwa. Arudishwe."

"Mkubwa, si umesema mwenyewe unakula mboga? Ndiyo hii mboga! Kwenu mnapika wali na nyama, ile nyama mnaiitaje?"

Ratili akamtazama mbuzi. Mboga ni neno la kwetu sote. Ni majani na ni kitoweo, ni mchicha na ni beberu, inategemea nani anapika. Nilimwona, kwa mara ya kwanza katika safari ile, anayarudia kichwani yale maneno yote aliyoyasema tangu bucha la kwanza. Nakula kidogo. Kwa kipimo. Mkubwa kanipangia. Asubuhi nikikosa, mchana nafidia. Alikaa chini taratibu kwenye ngazi ya mlango.

"Mzee," alisema. "Wanadhani nakula."

"Nilikuambia."

"Mimi! Ambaye sina hata soseji moja tumboni!"

Breki alimrudisha mbuzi kwa yule mtu wa pikipiki, wakiwa wameinamisha vichwa wote wawili. Na kwa kurudishwa mbuzi, jambo ndiyo likaharibika kabisa. Mtu akikataa kikombe, utasema labda hana kiu. Akikataa mbuzi mzima, basi anangoja ng'ombe. Kulipopambazuka simu ya Ratili iliita. Alikuwa Mkuu wa ofisi, mtu anayezungumza na simu kana kwamba iko ng'ambo ya mto, hivyo tulisikia sote.

"Ratili! Nasikia umekataa mbuzi!"

"Nilimkataa kwa sababu—"

"Miaka yote nakutetea kwamba wewe huli, leo wafanyabiashara wananipigia, wanasema umepandisha bei na unamtaja mkubwa! Mkubwa ni nani? Mkubwa hapo si mimi?"

"Mkuu, nisikilize—"

"Nisikilize wewe. Mji wa mwisho wanataka kuzungumza nawe. Malizana nao. Yasipoisha, nakutoa barabarani. Chumba cha stika kina nafasi."

Simu ikakatika. Ratili alilitazama lile sanduku la chakula mikononi mwangu.

"Nikila, daktari ananitia mle. Nisipokula, Mkuu ananitia mle. Hivi chumba kimoja kina milango mingapi?"

"Sema ukweli kwamba unaumwa."

"Na viatu vyangu wavigawane?"

Njiani kuelekea mji wa mwisho hakuna aliyezungumza. Hata Breki alikula kimya kimya.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la Mama Nafaka, mwanamke mkubwa kwa umbo na kwa heshima, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mji ule. Tulimjua tangu anapima mchele kwa mizani ya shaba yenye sahani mbili na minyororo, mizani nzuri ambayo ilikuwa na aibu ya kudanganya. Siku hizi ana ile ya plastiki yenye kioo. Katikati ya magunia walikuwa wameandika meza. Kuku wa kukaanga, nyama, chapati za siagi, keki, soda za kila rangi, na birika la chai kubwa kama mtoto wa shule. Wafanyabiashara wote walikuwa wamekaa kuizunguka, mikono mapajani, kama watu wa posa.

Mama Nafaka alisimama.

"Mkaguzi, sisi ni watu wazima, tusifichane. Umekunywa chai yetu miaka na miaka. Ulikuwa ukinywa, ukitufungia mizani, tunalalamika kidogo, tunalala. Tulijua huyu hana lake jambo. Sasa tunasikia chai umeacha, mbuzi humtaki, unakuja kwa kunyata asubuhi. Sisi hatutaki kujua mkubwa ni nani. Tunaomba kitu kimoja. Unywe chai. Hapa, mbele ya wote. Tujue kwamba wewe ni yule yule."

Akammiminia. Alitia vijiko vya sukari kwa mkono wa ukarimu, mpaka kijiko kikakaribia kusimama chenyewe. Akamkabidhi.

Sijawahi kuona mtu akishika kikombe namna ile. Watu zaidi ya ishirini walikitazama kama mwezi wa kuandama. Mvuke ulimpanda usoni. Nami nilijua anachokiwaza: funda moja tu na wote hawa watalala usingizi, funda moja, na kidole chake kitamsaliti kwa daktari. Na kwa kuwa nilimjua, nilijua hakuna kitu kinachoitwa funda moja. Baada ya chai kungekuwa na chapati.

Alikiinua mpaka mdomoni. Akakinusa. Kisha akakiweka mezani, akajifuta paji la uso.

"Siwezi," alisema. "Nina sukari."

Walitazamana. Kwenye kona alisimama mzee wa duka la jumla, muuza sukari mkuu wa mji ule, mtu asiyesikia vizuri isipokuwa biashara.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Iko juu," alisema Ratili.

"Juu kiasi gani? Maana mimi bei yangu ni ya kiwandani."

"Sukari yangu, baba, siyo—"

"Ndiyo nauliza! Unayo magunia mangapi? Kumbe ndiyo maana hutaki chai, unataka kutuuzia sukari! Jamani, si nilisema mtu huyu ameingia biashara?"

"Ya damu!" Mama Nafaka alipiga kelele. "We mzee, sukari ya damu! Mtu anaumwa!"

Mama Nafaka akamgeukia Ratili polepole, mikono kiunoni.

"Haya. Na huyo mkubwa aliyekupangia kipimo?"

"Daktari."

"Na hii ya kuja kwa miguu kama mwizi?"

"Daktari."

"Na mboga?"

"Nilimaanisha majani, mama. Majani kama ya mbuzi. Siyo mbuzi mwenyewe."

Kicheko kilianzia kwenye magunia ya nyuma. Kilipofika mbele kilikuwa kimekuwa kishindo. Muuza sukari alikuwa wa mwisho kuelewa, akacheka peke yake wengine walipomaliza. "Usiku kucha sijalala," alilalama, akifuta macho, "kumbe kwa ajili ya tumbo la mtu!"

Lakini Mama Nafaka hakucheka. Aliinama chini ya kaunta, akatoa bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na maharage ya kuchemsha, mchicha usio na mafuta, na nusu ya kiazi.

"Mwenzangu," alisema. "Mimi mwaka wa ngapi huu nakula hivi, hapa chini, nimechuchumaa. Wateja wakiniona na nusu kiazi watasema Mama Nafaka amefilisika."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Halafu wakaanza wengine. Wa nguo alikuwa na presha. Wa viatu alikuwa na gauti, na alikuwa anaitazama ile nyama ya mezani kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Kumbe wafanyabiashara wa mji mzima walikuwa wameandaa meza ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuigusa, kila mmoja akiona haya kusema. Kitu kama hicho kisingetokea zamani. Zamani mtu aliumwa waziwazi, mtaa mzima ukajua na kuleta mizizi michungu.

"Sasa hivi vyote nani atavila?" aliuliza Mama Nafaka.

Breki alikuwa tayari amenawa.

Ratili akavuta kigoda, Mama Nafaka akavuta chake, wakaliweka lile bakuli katikati, na mimi nikaongeza mayai na karoti kutoka kwenye sanduku. Walikula taratibu, wakizungumza mambo ya vidole na sindano. Mama Nafaka alimwambia karanga asizimalize kwa mara moja. Ratili alimwambia atembee asubuhi. Wakamaliza, wakanawa.

Kisha Ratili akainuka, akafungua sanduku la mawe, akaweka moja juu ya ile mizani ya plastiki yenye kioo.

Nilishusha macho. Namba iliyowaka haikuwa namba ya jiwe. Tofauti ilikuwa kama uzito wa nusu kiazi. Ghala zima liliona. Ratili alilitoa jiwe, akalirudisha, namba ikawa ile ile. Akachukua waya, akaizungusha mizani, akaipiga lakiri. Sikusikia kitu isipokuwa taya za Breki.

Mama Nafaka aliitazama lakiri kwa muda. Kisha akauliza:

"Umeshiba lakini?"

"Nimeshiba," alisema Ratili. "Ahsante."

"Basi karibu tena."

Mimi nilitoka nje, nikasingizia kutafuta bisibisi.

Mkuu alipigiwa simu na Mama Nafaka mwenyewe kabla hatujafika nyumbani. Upande ule ukaisha. Ukabaki wa daktari. Alimtoboa kidole, akasubiri, akakitazama kipimo, akakitazama tena.

"Imeshuka, baba. Siyo sana, lakini imeshuka. Panda kwenye mizani tuone na uzito."

Ratili alipanda, amevuta pumzi kana kwamba hewa nayo ina kilo. Sindano ilisimama mahali ambapo hakuwa amepaona tangu harusi yake. Uso wake uling'aa. Kisha macho yake yakateremka chini, mazoea ya kazi hayana dawa, yakaona stika iliyobanduka, iliyokwisha muda wake zamani. Akateremka. Nilijua, na yeye alijua: ile mizani ilikuwa upande wake. Hakuna aliyemwomba afanye lolote.

"Mzee," alisema, kwa huzuni kuu. "Niletee mawe."

Mizani ya daktari ilipunguza, na ilipunguza vibaya. Akaifunga kwa mikono yake mwenyewe, akajirudishia kilo zake zote moja moja. Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Kipimo cha sukari hakina lakiri yako," alimwambia, akaandika aendelee na safari, ila kila akirudi apitie kwake.

Mimi nimekwisha kustaafu. Mizani za sasa hazitengenezwi, zinatupwa, kama kila kitu. Ratili bado yuko barabarani, kwa miguu asubuhi, sanduku la mkewe begani. Nasikia sehemu nyingi wanamwekea bakuli la kuchemsha, na wanapima wenyewe kabla hajafika. Lakini mwenye duka mgeni akimwambia karibu chai, imebidi siku hizi Ratili amuulize kwanza ipi, jambo ambalo mama yake angelisikia angeangua kilio.

"Zipo chai ngapi, mkaguzi?" humuuliza.

"Mimi nanywa ile ya zamani," husema yeye. "Ya majani. Bila sukari."

Hata hiyo ya zamani, kama mnavyoona, imebidi ipungue.